Mashine Inakohoa, Sangara Anaponyoka: Utatuzi wa Matatizo kwa Wavuvi wa Fimbo Mwanza

Boti nyingi za kuvulia kwa fimbo zinazotoka Kirumba, Luchelele au Capri Point hubeba vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya bahari: propela ya usawa wa bahari, anodi za zinki (vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya mashine), rili za kupambana na jodari. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hayana chumvi. Mambo hayo mawili peke yake huzaa malalamiko mengi ambayo fundi mwenye haraka huyamaliza kwa kukuuzia kabureta.

Kwa hiyo kabla ya kugusa spana, jiulize kwanza: tatizo limeanza ghafla, au lipo tangu mashine ifungwe? Linatokea boti ikiwa tupu au ikiwa na watu wanne na barafu? Linatokea kwa mwendo wa pole au ukifungua moto wote? Lililoanza ghafla mara nyingi ni mafuta machafu au kitu kilichovunjika. Lililokuwepo tangu siku ya kwanza ni kosa la uchaguzi, na utabadilisha spea hadi pesa ziishe bila kuliondoa.

Haiwaki, au inawaka dakika tano kisha inazima

Anza na vitu visivyo na gharama. Kamba nyekundu ya kuzimia iko mahali pake? Gia iko huru? Kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tanki kimefunguliwa? Hicho cha mwisho ndicho huumbua watu wengi. Mashine huwaka vizuri, hutoka gatini kwa mbwembwe, halafu hufa polepole kwa sababu petroli inavutwa na hewa haiingii kujaza nafasi yake.

Pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo katikati ya paipu ya mafuta, ndiyo kipimo chako. Ukiikuta imesinyaa na kubonyea ndani wakati mashine inakohoa, mafuta yanazuiwa upande wa tanki: kitundu cha hewa kimefungwa, au chujio la chini ya tanki limeziba. Ukiipampu haikazi kamwe, kuna hewa inapenya. Tazama ringi ndogo ya mpira kwenye kiungio cha paipu na mashine, kwa kuwa hukauka na kupasuka, na bei yake ni ndogo sana. Ikikaza vizuri lakini mashine bado inazima, hapo sasa una haki ya kuishuku kabureta au umeme.

Petroli ya madumu ya ufukweni ina kasoro mbili: maji na mafuta ya taa. Maji huonekana kirahisi. Mimina mafuta kwenye chupa ya kioo, uyaache yatulie dakika 15, halafu itazame dhidi ya mwanga. Maji hukaa chini yakiwa na mstari ulionyooka. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo. Dalili zake ni mashine kuwa ngumu kuwaka asubuhi, moshi mzito, na mlio wa kugongagonga ukifungua moto. Dawa ni moja: mwaga, osha tanki, safisha kikombe cha kabureta.

Kwa mashine za mapigo mawili, kipimo cha oili kwa nyingi za sasa ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Mashine mpya katika saa zake za kwanza huhitaji mara mbili ya hapo, 25 kwa 1, au mililita 800 kwa lita 20. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Oili iwe yenye alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa hewa, huacha majivu kwenye plagi na kwenye pistoni. Changanya kwenye dumu na utikise. Ukimimina oili moja kwa moja juu ya petroli iliyo tankini, sehemu yake itakaa chini na mashine itapewa oili tupu kwanza, kisha petroli kavu. Petroli kavu ndiyo inayokwaruza silinda.

Inakohoa baada ya saa mbili za kuburuta chambo

Hili ni tatizo la wavuvi wa fimbo hasa. Wavuvi wa nyavu hufungua moto hadi wanakokwenda, wakafika, wakazima. Wewe unaburuta chambo kwa kilomita 4 hadi 6 kwa saa, nusu siku nzima, mashine ikiwa karibu na mwendo wa kupumzika. Mashine ya 40, yaani ya nguvu farasi 40, ya mapigo mawili haikuumbwa kwa kazi hiyo. Joto la plagi halifiki kiwango cha kuunguza oili, masizi yanajijenga, na ukitaka kufungua moto urudi Mwanza silinda moja haipigi.

Toa plagi uzitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi na yenye unyevu ni oili au petroli kupita kiasi. Nyeupe kama chokaa ni onyo: mashine inachoma kwa joto kubwa mno, ama kwa hewa inayopenya ama kwa maji ya kupoza kutofika, na usiende nayo mbali. Kwenye boti beba plagi za akiba za namba ile ile iliyoandikwa kitabuni na spana yake. Pengo la plagi za mashine nyingi liko kati ya milimita 0.6 na 1.0, pima kwa vipimo vya bapa, usikadirie kwa jicho.

Njia ya kupunguza tatizo ni kufungua moto dakika mbili au tatu kila baada ya nusu saa ili plagi zijisafishe. Njia ya kulimaliza ni uchaguzi: ama mashine ya mapigo manne kama yako kuu, ama mashine ndogo ya pembeni, ya 6 hadi 9.9, kwa kuburutia chambo tu. Ndogo ya pembeni ndiyo tunayoipendelea. Ikitokea kubwa imegoma nje ya Ukerewe na kusi limeanza kuvuma, unarudi nyumbani kwa mashine ile ile uliyokuwa unavulia.

Mashine inanguruma, boti haipandi juu ya maji

Hewa ya juu ni nyepesi, na mashine isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa Mwanza hiyo ni kama asilimia 11, kwa hiyo mashine ya 40 iliyokuwa inatamba Dar es Salaam inafanya kazi hapa kama ya 35 na kidogo. Kabureta yake nayo, iliyopimwa usawa wa bahari, hupitisha petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Mashine zinazonyunyiza petroli kwa sindano za kielektroniki hurekebisha mchanganyiko zenyewe, lakini nguvu iliyopotea hairudi.

Namba mbili zimegongwa kwenye propela, tuseme 11 x 13. Ya kwanza ni upana wa duara kwa inchi. Ya pili ndiyo pichi, umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu. Pichi kubwa ni kama gia namba nne kupandia mlima: mashine inalemewa, inapata joto, na masizi yanajaa kwenye pistoni.

Huwezi kujua bila kupima mizunguko. Kama boti haina takometa, zipo ndogo zinazozungushiwa waya kwenye waya wa plagi. Pakia boti mzigo wako wa kawaida, nenda mahali penye maji tulivu, fungua moto wote, usome. Kitabu kitasema mfano kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ukisoma 4,200, propela ni nzito. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza huongeza mizunguko 150 hadi 200, kwa hiyo kutoka 13 hadi 11 utakuwa karibu na 4,550. Umeingia kwenye kiwango, ingawa sisi tungejaribu na 10 pia kabla ya kulipa. Baada ya hapo pima tena boti ikiwa na mtu mmoja. Ikizidi 5,500, umepunguza mno.

Mtumbwi mrefu wa mbao ni jambo jingine kabisa. Umbo lake hulima maji, halipandi juu yake, na ukiubadilishia mashine ya 15 kwa ya 40 utapata mawimbi makubwa nyuma na bili kubwa ya petroli. Kwa mtumbwi wa aina hiyo chukua propela ya pichi ndogo, uridhike na mwendo wake.

Mizunguko inapanda ghafla, boti inabaki pale pale

Sababu ziko tatu na zinatofautishwa kwa urahisi. Kama inatokea kwenye mawimbi au kwenye kona tu, propela inavuta hewa: mashine imefungwa juu sana, au shingo yake ni fupi kuliko boti. Shingo zinazouzwa ni za takriban sentimita 38, 51 na 64. Pima ubao wa nyuma wima, kutoka ukingo wa juu hadi kitako cha boti, kabla ya kwenda dukani. Mashine ikishafungwa, bamba lililo juu ya propela liwe sawa na kitako au chini yake kwa sentimita 2 hadi 3.

Kama inatokea hata kwenye maji yaliyotulia, kwa mashine ndogo tazama pini ya propela. Imekatika ili kuokoa gia baada ya kugonga jiwe, na Ghuba ya Mwanza haina uhaba wa mawe. Kwa mashine kubwa shuku bushi ya mpira iliyo ndani ya propela. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, endesha boti kwa nguvu kidogo, kisha zima na utazame. Mistari ikiachana, bushi inateleza. Utaweza kurudi gatini pole pole, lakini usiende nayo mbali tena.

Pua ya boti kurukaruka au kuzama ni suala la pini ya mwinamo wa mashine. Sogeza tundu moja moja.

Mashine inachemka, au maji hayatoki kwenye kitundu cha nyuma

Zima. Usijaribu kufika tu pale ng'ambo. Inua mashine utazame matundu ya kuingizia maji: magugu maji na mifuko ya plastiki huziba kwa sekunde chache, hasa baada ya mvua magugu yanaposukumwa ndani ya ghuba. Chokonoa pia kitundu cha nyuma kwa waya laini, maana wakati mwingine kilichoziba ni hicho tu na mashine yenyewe inapoa vizuri.

Kama yote ni safi, kazi iko kwenye impela, kigurudumu cha pampu kinachosukuma maji ya kupoza. Mapezi yake ya mpira huliwa na mchanga unapoendesha kwenye maji ya kina kifupi ufukweni, na huungua kwa sekunde tu ukiiwasha mashine nchi kavu bila maji. Ibadilishe kila mwaka kama unavua kila wiki. Fungua boliti za mguu wa chini, achia fimbo ya gia, vuta mguu ushuke, ondoa nyumba ya pampu. Ukikuta pezi limekatika, lazima ulitafute kipande chake. Hakijayeyuka. Kimepanda na maji kuelekea juu, na kitakwama karibu na themostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji), kisha mashine itachemka tena na impela mpya ikiwa ndani. Unaporudisha, paka grisi ya majini kidogo, hakikisha kii, kile kijichuma kinachoishika impela kwenye shafti, imekaa kwenye nafasi yake, na zungusha shafti kwa mwelekeo wa saa huku ukisukuma nyumba ya pampu chini ili mapezi yapinde upande sahihi. Jaribu kwenye pipa, maji yakiwa juu ya lile bamba, propela ikiwa imetolewa.

Mashine iliyotumika Dar, Tanga au Zanzibar kabla ya kufika ziwani ina ugonjwa wa ziada. Chumvi iliyokauka hubaki kwenye njia za maji miaka mingi, na wauzaji huipiga rangi ya nje tu. Kabla ya kununua, omba kifuniko cha themostati kifunguliwe. Ukiona ganda jeupe gumu na boliti zinazokatika zikiguswa, punguza bei au ondoka. Themostati ijaribu kwenye sufuria: ibane uzi kwenye mdomo wake, itumbukize ikining'inia, pasha maji moto ukiwa na kipimajoto, uzi utaachia inapofunguka. Linganisha na namba iliyogongwa juu yake. Pima pia mgandamizo wa silinda; tofauti kati yao isizidi asilimia 10.

Anodi zake nazo zibadilishe. Zinki ni ya maji chumvi. Kwenye maji baridi hujifunika ganda na kuacha kulinda chochote. Ziwani weka magnesi, au aluminiamu inayofaa pande zote mbili. Boti inayokwenda na kurudi pwani isiwekewe magnesi, maana baharini huliwa haraka mno. Na usiipake anodi rangi. Tumeona zilizopakwa rangi nzuri sana.

Oili ya gia imekuwa kama maziwa

Maji yameingia. Kwenye ziwa letu chanzo kikubwa ni mshipi wa plastiki, wako mwenyewe au wa wavu uliotelekezwa, uliojizungusha nyuma ya propela na kukata sili ya shafti.

Toa kamba ya kuzimia na plagi kwanza. Nyoosha kotapini, fungua nati, vuta propela. Nyuma yake kuna washa nene. Iondoe, uone ilivyokaa, kwa sababu upande uliochongwa mviringo hutazama mashine. Uzi utaukuta umebanwa pale, umeyeyuka na kuwa ringi ngumu ya kijivu inayofanana na sehemu ya mashine, na mtu asiyejua huiacha. Ikate kwa kisu kidogo bila kukwaruza shafti. Fanya hivi kila baada ya safari kadhaa hata kama huoni dalili.

Kumwaga oili, fungua skrubu ya chini kisha ya juu. Kujaza, ingiza kutoka chini kwenda juu hadi itoke tundu la juu bila mapovu, funga la juu kwanza, ndipo la chini. Ukijaza kutoka juu utaacha hewa ndani. Mashine ya 15 huchukua kama robo lita ya oili ya gia namba 90 ya majini.

Mashine imezama

Ikiwa ilikuwa inazunguka ilipozama, usiivute kwa nguvu. Maji ndani ya silinda hupinda konrodi, mkono wa pistoni. Kama ilikuwa imezimwa, una saa chache. Toa plagi, ilaze matundu ya plagi yatazame chini, vuta kamba polepole maji yatoke. Mwaga kabureta. Mimina oili kidogo kwenye kila silinda, weka plagi kavu na mafuta mapya, iwashe siku hiyo hiyo, iendeshe nusu saa. Ya mapigo manne ibadilishwe oili kabla ya kuwashwa. Ukiiacha hadi kesho, beringi zitakuwa zimeanza kutu.

Sangara anakata mshipi

Okota ncha iliyobaki uitazame, itakueleza. Iliyojikunja pilipili ni fundo lililoteleza. Iliyochakaa na kuwa na manyoya ni msuguano wa mwamba au mdomo wa samaki. Iliyokatwa safi ni kifuniko cha shavu la sangara au propela yako.

Fundo likiteleza, mara nyingi mshipi ni wa kusukwa na fundo ni la nailoni. Mshipi wa kusukwa huteleza. Tumia palomar, ambalo mshipi hupita kwenye tundu ukiwa maradufu, na ulilowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Kwenye rili, anza na mita chache za nailoni chini yake, la sivyo bunda lote litazunguka juu ya ekseli na utadhani breki imekufa.

Sangara hana meno ya kukata kama ya papa. Ana vipande vya meno madogo yanayosaga kama msasa, kwa hiyo waya wa chuma unaouzwa kwa wavuvi wa bahari huuhitaji. Weka mita 1.5 hadi 2 za nailoni nene, milimita 0.9 au 1.0, kati ya mshipi na chambo. Ikaguliwe kwa vidole kila baada ya samaki. Ukihisi ukwaruzo, kata sehemu hiyo ufunge upya.

Mshipi ukikatika samaki akiwa mbali, tatizo ni breki. Ipangie theluthi ya nguvu ya mshipi, isizidi: mshipi wa kilo 22, breki kilo 7. Mzani wa kuning'iniza unaotumiwa na wanunuzi wa samaki pale Mwaloni unatosha. Funga mshipi kwenye ndoano yake, inua fimbo nyuzi 45, mwenzako avute hadi rili iachie, soma. Kumbuka kwamba mshipi ukiisha kwenye rili, mvuto unaongezeka wenyewe. Bunda likibaki nusu ya upana wake, breki ile ile inavuta maradufu, na kilo 7 zimekuwa 14. Wengi hapo hukaza zaidi. Legeza. Breki inayoachia kwa mishtuko ina mchanga au washa zilizokauka. Ilegeze kabisa kila ukirudi nyumbani ili washa zisibanane.

Ndoano ikinyooka, ni nyembamba kwa breki hiyo. Hapa vifaa vya bahari vina faida: ndoano zao za matawi matatu ni nene, badilishia zile zilizokuja na chambo cha mito ya Ulaya.

Sangara wa chini ya sentimita 50 arudishwe majini. Na ukivua ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Rubondo, kibali ni cha TANAPA.

Chambo kinakwenda upande, mshipi unajisokota

Msokoto hutokana na kuendelea kuzungusha rili huku samaki anachukua mshipi, au kukosa swiveli, kile kiungio kinachozunguka. Ukishajisokota, ondoa chambo, achia mita 100 nyuma ya boti inayokwenda, uvute tena.

Chambo bandia kinacholalia kushoto, kishike pua ikitazama mbele, mbali nawe, na upinde kijiringi cha puani kidogo sana kuelekea kulia kwa koleo. Kidogo maana yake ni upana wa unywele. Kirudishe majini ubavuni mwa boti, kwa mwendo utakaovulia, na urudie hadi kinyooke.